Nitakaa tu

Jumapili usiku. Watoto wamelala, mume wangu amelala, mimi nimekaa jikoni na maneno mawili ya Baba yanazunguka kichwani tangu Jumatatu. Nayaandika hapa, huenda yakishatoka yataniachia usingizi.

Mnakumbuka mwezi uliopita niliwaambia kwamba tunataka kuachana na king'amuzi. Tulikuwa tunalipa kifurushi cha dishi, tunalipa intaneti, na juu yake huduma mbili za strimingi ambazo watoto ndio watazamaji wake. Tukashika kalamu. Netflix wameandika wazi kwamba saa moja ya picha ya HD inakula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7, na kwamba HD kamili inataka kasi ya Mbps 5. Laini yetu haina kikomo cha bando, na kasi hiyo inaipita hata wote wakiwa kwenye simu zao. Kila tulipopiga hesabu, jibu lilikuwa lile lile: dishi likatwe. Kifurushi kilipoisha, hatukulipia tena.

Jumatatu jioni nikaenda chumbani kwa Baba kumwelekeza. Nilikuwa na furaha kabisa, niseme ukweli. Nilishamfungulia ukurasa wake na jina lake.

"Baba, hii ina kila kitu. Filamu, tamthilia, mpira. Unachagua unachotaka, saa unayotaka."

"Na taarifa ya habari?"

"Unaingia hapa, unatafuta, unabonyeza."

Akaitazama ile menyu, vile vipicha vilivyojipanga safu kwa safu. Rimoti ameilaza kiganjani, hajaifumbata.

"Na nisipojua ninachotaka?"

"Itakupendekezea yenyewe."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hamna neno, mwanangu. Nitakaa tu."

Nikamwambia sawa Baba, nikatoka. Nilitoka! Nilifika koridoni ndipo neno likaanza kunichoma, na hata hapo sikurudi. Nilijiambia anamaanisha atakaa azoee. Usiku nikalisikia tena, na safari hii lile "tu" lilikuwa refu zaidi. Jumanne nikiwa kazini nikalisikia tena. Wiki hii ofisi imehamia jengo jipya, nimekabidhiwa kitengo kizima nilichokililia miaka yote mnayoijua, kitinda mimba ameng'oka jino la kwanza, na mimi nilichobeba ni hilo: nitakaa tu.

Jumanne nilirudi mapema. Nyumba kimya. Mlango wa Baba uko wazi, yuko kwenye kiti chake, ameinyoosha mikono juu ya magoti. Runinga inawaka lakini haina sauti, na katikati ya skrini kuna maandishi: "Bado unatazama?" Chini yake vitufe viwili.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Imeniuliza kama nipo. Nimeiambia nipo, haisikii."

Hakuwa anatania. Alikuwa ananipa taarifa.

Nikabonyeza, kipindi kikaendelea, nikakaa naye mpaka kikaisha. Nikamwuliza imeuliza saa ngapi. Hajui. Zile huduma huwa zinasimama zenyewe vipindi kadhaa vikipita bila mtu kugusa rimoti, zisije zikawa zinatuma picha kwenye chumba kisicho na mtu. Ukiifikiria ni haki, kwa sababu kila mtazamaji anatumiwa nakala yake peke yake, na nakala hiyo inabeba data. Dishi halina habari hiyo. Setelaiti inamwaga mawimbi juu ya nchi nzima kwa mpigo, wawe wanatazama kumi au milioni kumi ni mamoja, haijui nani amewasha na nani amelala. Ndiyo maana ukiwasha unakuta mtu ameshaanza kuongea.

Na hicho ndicho nilichokikata. Tangu Mama atutoke, Baba anawasha runinga asubuhi na kuizima usiku. Sisi tulikuwa tunasema hatazami, inakula umeme bure, na kweli mara nyingi alikuwa amegeukia dirisha. Lakini kulikuwa na mtu chumbani. Mtangazaji wa asubuhi, kisha wale wanaobishana mambo ya afya, kisha marudio ya tamthilia, kisha habari. Siku yake ilikuwa na milango, akiingia na kutoka. Mimi nikampa ghala lenye kila kitu na ndani yake hakuna mtu, mpaka yeye ajue anachotaka saa nne asubuhi, mjane wa miaka sabini na minne. "Na nisipojua ninachotaka?" Nililichukua kama swali la rimoti.

Jumatano nikajaribu kurekebisha kwa kumwekea mpira mubashara kwa intaneti. Picha safi, haikugandaganda hata mara moja. Dakika ya sitini na kitu, nyumba ya jirani ikalipuka kwa shangwe. Sisi mpira wetu ulikuwa bado uko katikati ya uwanja. Baba akageuka akanitazama, kisha akarudi kwenye skrini akangoja goli ambalo ameshalisikia. Lilipoingia hakuna aliyeinuka. Niliumia kuliko goli linavyostahili.

Ijumaa usiku nikamweleza kijana wetu mkubwa, maana nilikuwa nimeshindwa kulibeba peke yangu. Hakunilaumu. Alisema, "Mama, dishi si bado liko juu?" Akaniambia kuna chaneli hazijafungwa, zinarushwa bure kwa yeyote mwenye dishi na risiva ya kawaida, hazitaki kadi wala kifurushi. Risiva ya zamani ya Babu iko stoo. Ila inabidi dishi ligeuzwe, kwa sababu zile nyingi ziko kwenye setelaiti nyingine.

Jumamosi nilikuwa nimepanga kufua. Sikufua. Nilisimama uani nikitazama vichwa viwili juu ya ukuta wa nyuma, kimoja cheupe.

Nilidhani mtoto ndiye atakayefanya. Baba alimpokonya spana. Yeye ndiye aliyelifunga dishi lile tulipohamia, nilikuwa nimesahau, na bado anakumbuka nati ipi ni ya kuinua na ipi ya kuzungusha. Alilegeza ya kuzungusha robo tu, akaweka viganja viwili kwenye ukingo wa dishi kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto anayenyolewa, akasukuma kiasi ambacho mimi kutoka chini sikukiona. Kijana akakimbilia ndani kusoma skrini. Kuna mistari miwili kwenye menyu ya risiva, nguvu na ubora. Nguvu ilikuwepo muda wote. Ubora, sifuri.

"Sifuri!" anaita dirishani.

Baba anasukuma.

"Sifuri!"

"Usiharakishe," Baba anamjibu. "Kila nikisogeza, hesabu mpaka tano ndipo usome. Risiva inahitaji muda wa kuifahamu setelaiti."

Kijana akapekua simu yake hapo hapo dirishani. Setelaiti iko kilomita 35,786 juu ya mstari wa ikweta, inazunguka sambamba na dunia, ndiyo sababu inaonekana imesimama mahali pamoja na dishi halihitaji kuifuata. Wamepiga hesabu wakiwa huko huko, mmoja juu na mmoja dirishani: ukikosea nyuzi moja hapa chini, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 600. Baba akasema, "Umeona? Ndiyo maana nakwambia polepole." Na sauti yake, jamani. Sikuisikia sauti ile tangu msiba.

"Sifuri... Babu, thelathini na nne!"

"Subiri."

"Hamsini na nane! Sitini na moja!"

Baba akasimamisha mikono. Hakutikisika. Akakaza nati kidogo huku, kidogo kule, zamu kwa zamu, akiuliza namba kila baada ya mzunguko, kwa sababu dishi huponyoka wakati wa kukaza. Waliishia sitini na tatu.

Kijana alimweleza pia lile la goli. Mawimbi ya dishi yanapanda na kushuka, zaidi ya kilomita 71,000 kwa jumla, yanatumia kama robo ya sekunde. Ya intaneti yanapita njia fupi zaidi, lakini picha inakatwa vipande vya sekunde chache chache na kila kipande kinangojwa na kuwekwa akiba kabla ya kuonyeshwa, ndiyo maana tunaachwa nyuma hadi nusu dakika. Baba alilipenda sana hilo. Amelirudia mara tatu chakulani: kinachotoka mbali ndicho kinachofika kwanza.

Chaneli zilizopatikana hazizidi kumi na nne zenye maana. Mpira mkubwa haumo. Moja ni ya lugha ambayo hapa nyumbani hakuna anayeijua, na hiyo ndiyo ilikuwa ikiongea nilipopita mlangoni kwake leo mchana. Baba alikuwa amegeukia dirisha. Jioni mvua ikanyesha kubwa, picha ikavunjika vipande vipande kisha ikatoweka, kwa kuwa matone ya mvua kubwa hunyonya mawimbi yale. Nilikimbilia chumbani nikidhani atahuzunika. Nikamkuta na mjukuu wake kitandani wanangoja mvua ipite, Baba anamsimulia kwamba mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setelaiti na picha hupotea dakika chache, na kwamba Mama alikuwa akiziita dakika za kupumzika macho.

Sikulijua hilo. Nimeishi nao miaka yote ile na sikulijua.

Strimingi tutabaki nayo, watoto hawawezi kurudi nyuma, na mimi pia kuna ile tamthilia yangu. Risiva itakaa kwa Baba. Nilipompa usiku mwema nilitaka kumwuliza lile neno la Jumatatu. Nilisema, "Baba, siku ile uliposema utakaa tu..." Akasema, "Mwambie kijana kesho apake mafuta zile nati, zitashika kutu."

Nitamwambia.

Sasa ni saa sita kasoro. Mdogo wangu nilimtumia picha ya wale wawili wakiwa juu ya ukuta tangu jana mchana. Tiki moja. Yeye huwa hakai saa mbili bila kujibu picha ya Baba, na simu yake nikipiga haipatikani. Labda chaji. Nitajaribu tena kabla sijalala.