Haikuzimika

Chumba cha hadubini kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na saa za mchana zilikuwa za wakubwa. Sisi wanafunzi tulijiandikisha kwenye daftari lililofungwa kamba mlangoni, tukaambulia saa mbili usiku hadi saa sita. Taa ya zebaki ilikuwa na masharti kama ya mganga: ukiiwasha usiizime kabla ya nusu saa, ukiizima usiiwashe mpaka ipoe, na kila saa iliyowaka uiandike, maana maabara yako italipishwa. Hiyo ilikuwa Novemba 2008, Sheffield, Uingereza, mwaka wangu wa pili wa uzamivu. Kule mwezi huo saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, kwa hiyo kushuka chini au kubaki juu yalikuwa mamoja.

Mimi ni mkemia. Seli nilizijua kwa michoro ya vitabuni, ile ya duara lenye kiini katikati kama yai la kukaanga. Lakini nilikuwa nimetengeneza kitu ambacho bila seli hakina maana: rangi inayowaka inapokamata zinki. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini huihifadhi kwenye vifuko vidogo, na humo insulini hukaa sita sita, zimefungwa pamoja na zinki. Ukipata rangi ya kuimulika zinki hiyo, umepata dirisha la kuchungulia insulini ikiwekwa ghalani na ikitolewa. Ndiyo ilikuwa tasnifu yangu yote, kwa sentensi moja.

Mfupa wa molekuli ulikuwa kwinolini, pete mbili zilizoungana, mfupa uleule uliomo kwenye kwinini. Sikuuchagua kwa mapenzi. Vitambuzi vya zinki vya ukoo huo vilikuwapo tangu miaka ya 1980, na mimi nilikuwa naongeza changu tu. Lakini siwezi kusema haukunigusa. Nimezaliwa Muheza. Juu yetu milimani ni Amani, ambako Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902 wakapanda na mikwinini, na babu yangu aliwahi kuwa kibarua huko. Nikiwa na miaka minane nililazwa na malaria, nikatundikiwa dripu ya kwinini, na ninachokumbuka si homa, ni masikio: yalivuma siku tatu kama nimewekewa nyuki. Kumbe dawa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa George Gabriel Stokes mwaka 1852 alipolipa jina jambo hili la kitu kumeza mwanga usioonekana na kutoa unaoonekana. Mpaka leo kwinini iliyoyeyushwa kwenye asidi ya salfa ni kipimo cha kulinganishia ung'aavu wa rangi nyingine. Kila Jumatatu nilipima yangu kwa hiyo. Kila Jumatatu, kwenye asidi. Neno hilo naliweka hapa kwa sababu litarudi.

Mwezi mmoja kabla, tarehe 8 Oktoba, Tuzo ya Nobel ya kemia ilikuwa imekwenda kwa Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien, kwa ile protini ya kijani ya yavuyavu. Jengo zima likawa halina hadithi nyingine ila yavuyavu. Sisi wa molekuli ndogo tulijifariji kwamba Tsien alianzia upande wetu: kabla ya protini alitengeneza rangi za kupima kalsiamu, fura-2 ya mwaka 1985, na kabla yake, mwaka 1981, ujanja wa kuziingiza ndani ya seli. Rangi yenye chaji haipenyi utando. Yeye akazifunika chaji kwa esta, seli ikaipokea, vimeng'enya vya ndani vikakivua kifuniko, rangi ikanasa humo.

Msimamizi wangu alinishauri nifanye hivyohivyo. Nilijaribu mara mbili, mara zote ikatoka gundi ya kahawia isiyosafishika, nikaacha. Badala yake nikaipachika molekuli mkia wenye amini, kundi lenye naitrojeni, ili iyeyuke kwenye maji. Iliyeyuka vizuri sana. Kwenye daftari ilikuwa namba 47, na jina lake likabaki hilo, Arobaini na Saba. Ukiiweka kwenye kichupa bila zinki, imefifia. Dondosha zinki, inawaka samawati. Nilikuwa naionyesha watu kama mtu anayeonyesha picha za mtoto wake.

Alhamisi ile nikaiweka kwenye seli. Nilisubiri nusu saa, nikaziosha, nikadondosha mafuta kwenye lenzi, nikainama. Mwanzoni weusi. Nikazungusha gurudumu la kulenga kidogokidogo, na hapo zikatokea: nukta za samawati, kumi, hamsini, mia, zimekizunguka kiini kama taa za wavuvi wa dagaa ukiwa umesimama ufukweni Tanga usiku usio na mwezi. Vifuko, nikasema kwa sauti, na hakuna aliyenisikia. Nilipiga picha zaidi ya sitini.

Usingizi haukuja. Saa tisa na nusu usiku nilichukua kadi ya kukwangua ya pauni tano nikampigia mama. Muheza ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nilijua atakuwa bandani. Mama alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na yale yasiyouzika mabichi aliyagandisha mtindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona alfajiri, kuna nini?"

"Nimeiona, mama. Ile kazi yangu. Imewaka."

"Alhamdulillahi," akasema, kisha baada ya muda, "Imewaka nini?"

Nikamweleza kwamba ni insulini, ile anayochomwa baba mkubwa, ile chupa anayoiweka kwenye mtungi isipate joto. Nilisema nimeiona ikiwa ndani ya seli. Hilo alilielewa. Kufika mchana, baba mkubwa mwenyewe alikuwa ameshapewa habari, na nadhani mtaa mzima.

Jumatatu nilizionyesha picha kwenye meza ya chai. Kulikuwa na dada mmoja wa Pune, India, mtafiti wa seli, mtu wa maneno machache. Alizitazama zote, moja baada ya nyingine, bila kusema zinapendeza. Halafu akauliza:

"Umeweka TPEN?"

TPEN ni molekuli inayoikamata zinki kwa nguvu kuliko chochote nilichokuwa nacho, na inapenya utando. Ukiimwagia seli, inainyang'anya rangi yako zinki. Kama mwanga wako ni wa zinki, unazimika. Kama hauzimiki, una maelezo ya kutoa. Nilikuwa nayo, kwenye friza, nimeinunua tangu mwezi wa tisa. Sikuwa nimeiweka. Nilimjibu kwamba muda ulinibana, na yeye, kwa heshima, akakubali kuamini.

"Na seli zisizo na insulini? HeLa?"

Hizo pia hapana.

Nilipata zamu Jumatano. Dada naye akaja, hakuombwa, ameshika sahani ya seli za HeLa na kichupa cha rangi nyekundu ambacho hakunieleza ni cha nini. Tulianza na seli za kongosho. Nukta zilikuwa palepale, nzuri kama za juzi. Nikavuta TPEN kwa pipeti, mkono ukitetemeka kidogo, nikaidondosha pembeni mwa sahani na kubonyeza saa.

Dakika ya kwanza, zipo. Ya pili, zipo. Nikajiambia haijasambaa. Dakika ya tano nikaongeza dozi. Dakika ya kumi nilikuwa nimeacha kutazama hadubini, natazama saa. Kwenye kichupa, TPEN ilikuwa inaizima Arobaini na Saba kabla hujaweka pipeti chini. Dakika ya kumi na tano dada akasema, "Tuweke HeLa."

HeLa zilitoka kwa Henrietta Lacks, Mmarekani Mweusi aliyekuwa anaumwa saratani ya mlango wa kizazi, zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila ridhaa yake. Hazitengenezi insulini. Nikazimulika. Nukta za samawati, kumi, hamsini, mia.

Ndipo akafungua kile kichupa chekundu. Ilikuwa rangi ya lisosomu, vile vifuko ambamo seli husagia takataka zake. Tulipiga picha ya nyekundu, tukapiga ya samawati, kompyuta ikazilaza moja juu ya nyingine. Nukta zilikaa juu ya nukta kama vidole vya glavu. Dada hakusema kitu. Aliinuka, akaenda kuosha sahani zake.

Nilibaki na taa, kwa sababu nusu saa ilikuwa haijatimia na masharti ni masharti. Humo gizani nikaichora Arobaini na Saba nyuma ya karatasi ya zamu, polepole, kwa kalamu, kama vile sijawahi kuiona. Pete mbili za kwinolini. Mkia. Mwisho wa mkia, amini yenye ethili mbili. Nikautazama mkia ule mpaka ukanitazama. Ulikuwa mkia wa klorokwini.

Mtu wa umri wangu aliyekulia Tanzania hahitaji kuelezwa klorokwini, dawa iliyotumika mpaka ilipoondolewa mwaka 2001: unameza, homa inashuka, usiku kucha unajikuna. Chuo Kikuu, Mlimani, nilifundishwa inavyofanya kazi na nikaandika kwenye mtihani. Amini yake hupenya utando ikiwa haina chaji, lakini ikiingia mahali penye asidi hudaka protoni, hupata chaji, na njia ya kutokea haipo tena. Ndivyo inavyojilundika kwenye kifuko cha chakula cha kimelea cha malaria. Ndivyo na yangu ilivyojilundika kwenye lisosomu. Na kwinolini ndani ya asidi, je? Jumatatu zote zile nilikuwa nayo mkononi, kwinini kwenye asidi ya salfa, inawaka bila zinki hata punje.

Niliandika kwenye daftari neno moja, "Haikuzimika," na tarehe. Picha sitini nikaziacha kwenye folda ileile; zipo mpaka leo. Msimamizi, nilipomweleza, alisema tu kwamba sasa nirudi kwenye esta, na nilirudi, nikaisafisha ile gundi kwa miezi kadhaa mpaka ikakubali kuwa unga.

Mama nilimpigia Jumapili, mchana, saa ya watu wenye akili.

"Ile taa yako inaendeleaje?"

"Haikuwa yenyewe, mama. Ilikuwa imeingia mahali pengine ndani ya seli."

"Wapi?"

Nikatafuta neno. Lisosomu halingenisaidia. "Kuna vijifuko humo ndani, vina uchachu. Rangi ikiingia inanasa, haitoki, inawaka bure."

"Uchachu wa ndimu?"

"Hapana, kidogo. Kama wa mtindi."

Alikaa kimya. Nilisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Kwa hiyo umekwenda mpaka Ulaya," mama akasema, "kuonyeshwa mtindi," na akacheka mpaka kadi ikaisha.