Lengelenge juu ya mkate wa posa

Wageni wa posa ya dada yangu walikuwa waje Jumapili kutoka Sengerema, na Shangazi alikuwa ameapa kwamba hawatakula mkate wa dukani nyumbani kwa kaka yake.

Ilikuwa Agosti 2011. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijajengwa, kwa hiyo wangevuka kwa kivuko cha Kamanga, washuke mjini Mwanza, kisha wapande daladala hadi kwetu Kirumba wakiwa wameshapigwa na upepo wa ziwa. Watu wa namna hiyo wanataka chai ya maziwa na kitu cha kushika mkononi kabla ya maneno yoyote.

"Wifi, tununue tu," Mama alimwambia.

"Wewe shughulika na pilau. Mikate niachie mimi."

Hakuna aliyebishana naye kuhusu mikate. Shangazi alioka nyumbani na kuwauzia majirani, na ada za watoto wake zilitoka humo. Mimi nilikuwa sekondari, na Jumamosi ile alinikabidhi beseni la unga wa ngano, akamimina hamira iliyokwisha kutoa povu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, akaniambia nikande.

Nikakanda mpaka mabega yakauma. Kila nilipomwuliza kama inatosha, alichukua kipande, akakivuta taratibu kwa vidole vya mikono miwili na kukitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kilipokatika mapema alisema, "Bado haujashika hewa. Endelea."

Wakati ule nilidhani hewa inaletwa na hamira peke yake. Miaka ilipita ndipo nikasoma jinsi mambo yalivyo, nikashangaa maneno ya Shangazi yalivyokuwa sahihi. Anayekanda anafanya kazi mbili kwa mpigo. Anaunganisha protini za ngano ziwe wavu unaovutika, ule uitwao gluteni. Na kila anapokunja na kubana, anafungia ndani viputo vidogo sana vya hewa. Hamira haitengenezi kiputo kipya. Inakula sukari na kutoa hewa ya ukaa, hewa hiyo inayeyuka kwenye maji ya unga, kisha inahamia kwenye viputo vilivyokwisha kuwekwa na mikono. Hivyo ndivyo vinavyovimba. Anayekanda kivivu anaipa hamira vyumba vichache vya kujaza, na mkate wake utakuwa na mapango machache makubwa na nyama nzito pembeni.

Unga ulipovutika bila kukatika, Shangazi aliufunika kwa khanga. Huku kwetu hauhitaji kungoja sana. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ina mgandamizo mdogo kuliko ya pwani, gesi inatanuka kwa urahisi zaidi, na ukiongeza joto la alasiri chini ya bati, unga unaumuka haraka kuliko saa za kitabu cha mapishi. Shangazi hakutazama saa kamwe. Alitazama beseni.

Ulipofika kimo alichotaka, tuliugawa, tukaviringisha, tukaweka kwenye makopo ya kuokea na kuyabeba hadi kwa jirani mwenye oveni ya umeme. Oveni ilikuwa ndiyo kwanza inapata moto umeme ulipokatika. Mtaa mzima ukapiga ule mguno tunaoujua wote.

Tukasubiri. Mama alitoka barazani kutazama kama ng'ambo ya pili kuna taa. Hakukuwa na taa mpaka chini Mwaloni. Unga haukusubiri mtu. Ulipanda ukavuka ukingo wa makopo, na juu yake yakaanza kutokea malengelenge, yale mapovu ya ngozi nyembamba ambayo unaona kabisa hewa iko chini yake. Dada aliyafurahia. Alisema mikate itakuwa laini kama ya hotelini.

Shangazi hakufurahi. Alichovya kidole kwenye unga mkavu, akabonyeza ubavuni mwa mkate mmoja. Shimo likabaki palepale.

"Njoo uone," aliniita. "Shimo likirudi mara moja, unga bado mchanga. Likirudi polepole na kuacha alama, peleka motoni. Hili halirudi. Huu umechoka."

Kisha akapindua kopo la kwanza juu ya meza, mkate wote ukalala ubavu na kupumua kwa sauti.

"Wifi!" Mama alishika kichwa. "Umeumuka vizuri namna ile!"

"Nikiuacha hivi utaanguka motoni, na kesho wakwe watakula shimo."

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niikumbuke siku ile. Nimesoma maelekezo mengi yanayosema unga ulioumuka upigwe ngumi, na sikubaliani nayo hata kidogo. Ngumi inachana ule wavu ulioutolea jasho. Shangazi hakupiga. Aliupaka mkono mafuta kidogo, akaweka kiganja katikati ya donge na kubonyeza kuelekea pembeni, polepole, akiifukuza hewa itoke ukingoni. Mapovu makubwa yalipokimbilia pembeni, aliyapitishia mti wa kusukumia chapati mara moja tu, yakapasuka kwa mlio mdogo. Yale madogo aliyaacha kwa makusudi. Ndiyo mbegu ya mkate, alisema; ukiyamaliza yote hamira haina pa kuweka pumzi yake.

Nikamwuliza, na swali langu lilikuwa la kweli: kama hewa imetoka, itapandaje tena?

"Hamira bado hai. Ilikuwa imekaa mahali pamoja imemaliza chakula cha karibu yake. Sasa nimeihamisha."

Ni hivyo hasa. Kuubonyeza unga kunatoa gesi iliyojazana, kunasambaza joto, kunaisogeza hamira karibu na sukari ambayo haijaguswa, na kunagawa viputo vikubwa viwe vidogo vingi. Lakini hili halifanyiki bila mwisho. Sukari inapungua na wavu unalegea kila mara, na Shangazi alituonya kwamba akirudia tena mkate utanuka pombe. Kwa hiyo moto ulitakiwa sasa, umeme uje usije.

Alikunja kila donge mara tatu, akaliviringisha kwa kubana kama mkeka unaokwenda safarini, akafinya mshono kwa vidole mpaka ukapotea, akalaza mshono chini. Kwenye kuviringisha ndiko hewa mbaya inakoingia. Ukiacha nafasi kati ya mkunjo na mkunjo, au ukinyunyiza unga mkavu mwingi katikati, mikunjo haishikani na motoni inafunguka kuwa handaki. Palipobaki lengelenge juu, alilitoboa kwa sindano ya kushonea aliyoipitisha kwanza kwenye moto.

Dada aliwasha mkaa. Mimi nilitumwa kuleta sufuria kubwa ya shughuli na mchanga wa ziwani ambao Shangazi alikuwa nao kwenye ndoo, umeshaoshwa na kukaushwa. Mchanga ukatandazwa chini, makopo mawili yakakaa juu yake, na sinia la bati likafunika likiwa na makaa juu. Madonge yaliyobaki aliyaweka kwenye sakafu ya saruji, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, ili yaende taratibu wakati ya kwanza yakiiva.

Kinachotokea humo ndani bado kinanivutia. Dakika za mwanzo hamira inafanya kazi kwa pupa kwa sababu ya joto, gesi inatanuka, maji yanaanza kuwa mvuke, na mkate unapanda kwa mara ya mwisho. Joto la ndani likikaribia nyuzi 60 hamira inakufa. Baadaye kidogo kuta za viputo zinaiva na kuwa ngumu, na zile pazia nyembamba kati ya kiputo na kiputo zinapasuka. Hewa iliyokuwa imefungwa kila moja chumbani mwake inapata njia ya kupita. Ndiyo maana mkate ulioiva vizuri hausinyai ukipoa. Ulioumuka kupita kiasi kuta zake zinapasuka kabla hazijawa ngumu, na hapo ndipo unapobonyea katikati.

Harufu ilipanda mpaka kwa majirani wa juu ya mawe. Umeme ulirudi tukiwa kwenye zamu ya mwisho, jirani akaja kutuita kwenye oveni, Shangazi akamshukuru akabaki na mkaa wake.

Asubuhi, wageni wakiwa bado majini, alikata mkate wa kwanza kwa kisu cha meno. Matundu yalikuwa madogo, yamelingana kutoka ganda hadi ganda. Najua kuna mikate ya Italia na Ufaransa inayosifiwa kwa mapango yake, unga wake huwa na maji mengi na hukandwa kidogo, na ni mizuri kwa supu. Huu ulikuwa wa kupakwa Blue Band na kushikwa na mzee aliyevaa koti lake la pekee. Siagi haikutakiwa kupita upande wa pili.

Wazee walikula. Mshenga aliomba kipande kingine kabla hajafungua barua, na Mama akamtazama wifi yake kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona.

Mkate mmoja tu ulitoka na handaki refu chini ya ganda. Shangazi aliukata kwa urefu, akaingiza kidole kwenye lile handaki na kupapasa unga mkavu uliobaki humo, akanionyesha. Kisha akawapa watoto, nao wakajaza sukari kwenye tundu na kukimbia nao nje.