Vigae kumi na kimoja vya sebuleni: siku yangu moja ya kazi Moshi

Saa 12 asubuhi nafungua mlango hapa Pasua na mlima haupo. Julai ndivyo ilivyo: wingu limeshuka mpaka kwenye migomba ya Kibosho na kila anayepita barabarani kavaa sweta. Mtu mwingine angeona baridi tu. Mimi nakiwaza kipande cha nailoni. Jana jioni nilikilaza sakafuni kwenye nyumba ninayofanyia kazi, nikakibandika kwa gundi ya utepe pande zote nne ili hewa isipite. Nikikuta matone kwa ndani, maji yanapanda kutoka ardhini, na sakafu hiyo haitapakwa nta leo wala wiki hii.

Saa 1 na nusu nimefika. Ni nyumba ya zamani upande wa stesheni ya reli, yenye baraza pana na madirisha ya mbao. Saidia fundi wangu ameshachota maji ndoo mbili. Mwenye nyumba ni mama wa makamo ya bibi yangu, yuko jikoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Mmeamkaje? Hiyo nailoni yako sijaigusa, na mjukuu nimemkataza."

Katikati ya sebule nailoni ni kavu. Ile niliyoweka karibu na ukuta wa bafu imejaa ukungu, ukiipitisha kidole maji yanatiririka. Nimemwambia Mama palepale: upande ule sigusi mpaka fundi bomba aje. Kigae kilicholegea kwa sababu ya maji, ukikirudisha bila kuyazuia maji, kitalegea tena.

Nieleze hivi vigae ni vya namna gani, kwa sababu watu wengi wanavichanganya na marumaru za dukani. Hivi havijawahi kuingia kwenye tanuri. Ni saruji. Fundi wa kiwandani alikuwa na fremu ya chuma yenye vyumba vidogo vinavyofuata mchoro wa maua, anamimina rangi moja kila chumba: saruji nyeupe, unga wa jiwe la marumaru na oksidi, yaani unga wa rangi. Anainua fremu taratibu, ananyunyiza saruji kavu juu yake inyonye maji, anaongeza mchanga na saruji, kisha anakandamiza kwa mashine. Baada ya hapo kigae kinaloweshwa na kuachwa kikomae kwa wiki kadhaa. Ukikitazama ubavuni unaona rangi juu, milimita 3 au 4 tu, na chini yote ni kijivu. Ufundi huu ulianza Ufaransa katikati ya karne ya 19, ukasambaa duniani. Bombay, kwa mfano, kiwanda cha Bharat Floorings kilianzishwa mwaka 1922. Mama anasema baba mkwe wake aliambiwa na waliomuuzia nyumba kwamba hivi vililetwa kwa treni kutoka Tanga. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, kwa hiyo simbishii.

Saa 2 tunaanza kusafisha. Sakafu nzima imefunikwa na nta nyekundu, miaka na miaka ya kupaka juu ya uchafu na kusugua mpaka ing'ae. Watu walifanya hivyo kwa upendo, walitaka nyumba ipendeze. Lakini chini ya wekundu ule kuna rangi tatu: ua jekundu, kingo nyeusi, na njano iliyopauka kama mtama. Vigae vinne ndiyo vinakamilisha ua moja, kila kimoja sentimita 20 kwa 20.

Tunafanya eneo dogo, upana wa mkeka wa kuswalia, hatuendi zaidi. Kitambaa chenye tapentaini kinalala juu ya nta dakika kumi, madirisha yote wazi. Nta ikilainika tunaikwangua kwa kipande cha mbao ngumu, siyo chuma. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, brashi ya nailoni, na papo hapo sponji kuondoa maji machafu. Hapo kwenye sponji ndipo kazi nyingi zinapoharibika: ukiyaacha maji yenye uchafu yakaukie, kigae kinayanywa, na doa linarudi. Kijana wangu alikuwa anaharakisha. Nimempa sponji safi na kumwambia abadilishe maji kila baada ya vigae vinne. Amenuna kidogo, lakini alipoona njano inajitokeza akaacha kununa, akawa anamwita mjukuu wa Mama aje kuangalia.

Saa 4, chai na chapati barazani. Mama ananionyesha kwa kidole kona ya korido. Aliyetangulia kufanya kazi hapa kabla yangu alimwaga asidi ya kusafishia vyoo ili kuondoa nta haraka. Nimeipitisha mkono kona ile mara nyingi na kila mara inaniuma. Inakwaruza kama ulimi wa paka, na ua limebaki kivuli. Asidi hula saruji, basi. Ukitaka kujua kama kigae chako ni cha saruji, tia tone la limau mahali pasipoonekana. Likitoa povu, jibu umepata, na chupa ya asidi itoe nje ya nyumba. Kona ile hairudi. Nimeisafisha, nitaipaka nta, na nimemshauri Mama asiniruhusu mimi wala mtu mwingine kuisaga kwa mashine, kwa sababu rangi iliyobaki ni nyembamba mno.

Saa 4 na nusu ndiyo kazi iliyonileta leo. Nimepita sebule yote nikigonga kwa mpini wa nyundo. Kigae kilichoshika kinatoa sauti nzito. Kilichoachia kinalia kama debe tupu. Vilivyoachia ni kumi na kimoja, vyote mbele ya mlango mkubwa. Kabla ya kung'oa hata kimoja nimepiga picha, nimechora ramani kwenye daftari, na kila kigae nimekibandikia utepe wa karatasi wenye namba na mshale unaoelekea mlangoni. Mshale ni muhimu kuliko namba. Ukikigeuza kigae robo tu, ua zima linapotea.

Tindo bapa, nyundo ndogo, kuanzia kwenye kile kilicholegea zaidi. Mafundi wa zamani hapa walivilaza juu ya chokaa na mchanga, na chokaa ina huruma: inaachia bila kuondoka na mgongo wa kigae. Vya kwanza sita vimetoka vizima. Cha saba kilikuwa kimewahi kukarabatiwa kwa saruji tupu, kimeng'ang'ania upande mmoja. Nilisikia mlio kabla sijaona ufa. Kimekatika vipande vitatu mikononi mwangu, na nilikaa chini kama dakika tano bila kusema neno. Kijana akaniuliza, "Fundi, si tutafute kingine dukani?" Dukani hakipo.

Kingine kipo stoo. Chini ya kabati la vyombo, mahali ambapo hakuna mtu anayepita, sakafu ni ileile na rangi zimehifadhiwa. Nimeomba ruhusa kwa Mama, tumesogeza kabati, nimetoa kigae kimoja. Nafasi yake nitaiziba kwa saruji ya rangi. Ndivyo ninavyofanya kila nyumba: sakafu ijikopeshe yenyewe kwanza. Vile vipande vitatu nimeviweka kwenye boksi, vitafaa kwa viraka. Saa 6 na nusu vyote kumi na kimoja vimepangwa ukutani.

Chakula cha mchana kimekuja sufuria nzima ya machalari, ndizi za kupikwa na nyama. Tumekula, tumeshukuru.

Saa 8, kulaza. Tumekwangua chokaa ya zamani migongoni, tumefagia shimo, tumelilowesha kidogo. Mchanganyiko wangu ni mchanga laini uliochekechwa na chokaa, saruji kidogo tu. Nikiweka saruji nyingi, atakayekuja baada yangu atavunja kila kitu kama nilivyovunja kile cha saba. Kigae nakichovya majini kwanza, vinginevyo kitanyonya maji ya mchanganyiko na hautashika. Nakilaza, nakibonyeza kwa viganja viwili. Sigongi. Hata nyundo ya mpira inaweza kukipasua.

Pimamaji nimeiweka kando. Sakafu imelala kidogo kuelekea mlangoni, na nikikifuata kipovu cha pimamaji vigae vyangu kumi na kimoja vitasimama juu ya wenzao kama jino. Naweka ubao ulionyooka juu ya vigae vya zamani pande mbili, na vya katikati vinafuata ubao. Nafasi kati ya kigae na kigae ni unene wa kadi ya simu.

Saa 10, nyufa. Kigae chenye ufa lakini hakichezi nakiacha mahali pake, ufa tu ndio nauziba: saruji nyeupe, unga wa marumaru niliopewa na fundi mmoja wa terazo, oksidi kidogo kwa ncha ya kisu. Rangi hii ikiwa mbichi inakudanganya, ni nzito kuliko itakavyokuwa ikikauka. Kwa hiyo tangu Jumatatu nina vidonge nane vya majaribio kwenye kibao, kila kimoja na vipimo vyake kwa penseli. Mama amechagua cha tano kwa njano. Kwa wekundu tumebishana, yeye anataka ung'ae zaidi, mimi nikamwonyesha ua lililo chini ya dirisha ambalo jua limelipauza. Tukakubaliana cha pili.

Akaniuliza pia kuhusu njia. Kutoka mlango mkubwa hadi jikoni rangi imelika, unaona kabisa mahali miguu ilipopita. "Hapo huwezi kuparudisha kama pengine?" Nikamwambia kuparudisha ni kusaga sakafu yote ifanane na hapo. Akaitazama muda mrefu. Marehemu mume wake alikuwa akiingia na viatu vya kazi, akasema, alishindwa kumkataza. Paachwe.

Saa 12 kasoro jioni tumefunika vigae tulivyolaza kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu chokaa ikikauka haraka haishiki. Nta ya nyuki na mafuta ya kitani vitasubiri mpaka nailoni itoke kavu kila upande, na bado kuna bomba la bafu. Tumeweka benchi la barazani mbele ya mlango. Wiki hii nyumba nzima itapitia mlango wa jikoni, na mjukuu amepewa kazi ya kunyunyizia magunia maji asubuhi na jioni. Nimemwacha amesimama pale na kopo lake, anauliza kama aanze sasa hivi.