Upana wa Jeneza

Mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokwisha, baba alipata kazi ya kujenga ukuta mtaani kwetu Kisauni. Mahali penyewe ni hatua hamsini kutoka mlangoni petu, na mwenye kazi ndiye aliyekuwa mwenye ardhi tuliyojenga juu yake.

Wasiokaa Mombasa hunishangaa nikisema hivyo. Nyumba ni yako, kuanzia mlango hadi bati. Chini ni pa mtu. Kila mwezi wamlipa kodi ya ardhi, na risiti waitunza kama dawa ya mgonjwa. Mambo haya yana mizizi mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wanaodai ardhi ya pwani wajitokeze na kuthibitisha. Waliothibitisha wakapata hati. Palipokosa mdai pakawa pa serikali ya kikoloni. Wengi waliokuwa wakilima na kulala papo hapo hawakuandikwa popote.

Katikati ya nyumba zetu palikuwa na uwazi wenye mkwaju mmoja. Sisi tukipaita kiwanja, yaani cha mpira. Mwenyewe naye akipaita kiwanja, yaani ploti. Hapo ndipo palipotandikwa majamvi ya maulidi, palipoinjikwa masufuria ya pilau ya harusi, na maiti wakitolewa walipitishwa hapo hapo. Neno likawa moja kwa miaka, hadi sorveya alipokuja na vigingi.

Wazee walimwendea mwenye ardhi. Hakuwatukana. Aliwaagizia chai, akaiweka hati juu ya meza, akawauliza, "Nimewanyima nini? Miaka yote hii mwacheza bure." Hati ilikuwa ya haki, na hilo ndilo lililotuuma. Angekuwa mnyakuzi tungejua pa kupigia kelele.

Mjomba alimkabili baba barazani. "Kwa hivyo wewe ndiwe wa kutuzibia?"

"Leo nimkatalie ukuta, kesho yuwanambia vunja nyumba yako," baba akajibu. Mjomba alivaa makubadhi yake akaenda zake. Hakuja kwetu mpaka Idi.

Walichopata wazee ni njia. Mwenye ardhi alikubali kuacha futi tatu ubavuni mwa ukuta. Imamu akasema jeneza halitapita hapo. Kijana wa mwenye ardhi akasema litapita. Baba hakubishana na yeyote. Baada ya swala ya alasiri alikwenda msikitini akaazima jeneza, likatoka tupu mabegani mwa wanaume wanne, naye akawatangulia na nyundo mkononi.

Mama aliingia ndani akafunga dirisha. Jeneza tupu kuzungushwa mtaani aliliona mkosi. Sisi watoto tulinyamaza kana kwamba mna mtu ndani.

Walipita kati ya kamba na ukuta wa jirani. Viwiko vya upande mmoja vikakwaruza chokaa, vya upande wa pili vikaivuta kamba. Kwenye kona jeneza likakwama kabisa, ikabidi walishushe. Baba aling'oa kigingi, akakisogeza, akawaambia warudi mwanzo. Likakwama tena. Akasogeza tena. Kijana wa mwenye ardhi alisimama kivulini akihesabu, bila shaka, ardhi ya babake ikipungua kwa inchi. Mara ya tatu likapita, kiwiko hakikugusa kitu.

"Hapo," baba akasema, akakipigilia kigingi.

Mawe ya matumbawe yalikuja kwa lori kutoka Kilifi. Ukuta ulipofika magotini tuliuruka, ulipofika kiunoni tukaupanda, na baba akijifanya hatuoni. Siku ya mwisho alivunja chupa za soda ndani ya gunia, akavipanga vigae juu ya saruji mbichi kimoja kimoja, ncha juu, kwa subira aliyokuwa nayo kwa kazi yoyote. Mpira wetu ulikuwa upande wa pili. Aliuona, akautupa kwetu, akaendelea na chupa zake.

Tulikuwa na deni la kodi ya ardhi ya miezi minne. Jioni aliyolipwa, baba hakufika hata nyumbani na zile pesa. Alizihesabu mbele ya yule aliyempa, akamrudishia, akaja na risiti.