Nimekuta risasi ukutani (sio hiyo unayoiwaza)

Wiki kadhaa nyuma nilimpigia mama Tanga nikamwambia kazi ya rangi nimeisimamisha maana nimekuta risasi ukutani. Kimya. Halafu namsikia anaita watu, "jamani njooni, huko Marekani wamempiga risasi mwanangu!" Ikabidi nianze upya, mama sio ya bunduki, ni madini, ile ya kutengenezea chubwi ya mshipi, zamani walikuwa wanaichanganya kwenye rangi ili idumu.

Nyumba yetu hapa Cleveland ni ya mbao, imejengwa 1924. Rangi za risasi za majumbani huku zilipigwa marufuku 1978, kwa hiyo nyumba ya kabla ya hapo we chukulia tu inayo. Mimi hilo nilikuwa silijui. Jumamosi nzima nimepiga msasa wa mashine, mkavu, upande wa chumba cha mtoto, dirisha wazi kwa sababu ya joto, vumbi jeupe kama sembe linapepea mpaka kwa jirani, na ndo huyo mzee jirani alokuja kuniuliza kwa upole kama nimeipima hiyo rangi. Nikaenda kununua vile vijiti vya kupimia, nikakwaruza, nikasugua, kikawa chekundu palepale. Nilikaa chini kwenye ngazi.

Mtoto ana miaka 2, kila kitu mdomoni. Tukampeleka akatolewa damu, risasi ikaja 2 (mikrogramu kwa desilita ya damu), CDC, wale wa afya ya jamii wa serikali ya Marekani, wao wanaanza kushtuka kwenye 3.5, ila daktari akasema hakuna kiwango cha risasi ambacho unaweza kusema ni salama kwa mtoto, so msishangilie sana.

Sasa hivi nakwangua kama mtu anayeosha maiti, polepole. Natandika nailoni nene chini kuanzia ukutani mpaka mita 3 hivi, madirisha yote yamefungwa, nalowesha kwa chupa ya kupulizia ndo napitisha skrepa, ikikauka nalowesha tena. Mask ni ile ya P100, yenye kichujio cha kuzuia vumbi laini kabisa, zile za Covid hazisaidii hapa. Kuchoma rangi kwa moto usijaribu kabisa, risasi inageuka mvuke na wewe unauvuta, na ile mashine ya maji ya presha nayo inarusha tu vipande kila kona. Upepo ukianza naacha. Jioni nakunja nailoni kwa ndani, viatu vinabaki nje, nguo zinafuliwa peke yake. Upande mmoja umenila wikiendi tatu!! Kupaka penyewe ni siku moja tu.

Juzi nikamweleza mama yote hayo, akaridhika, akauliza, na ule mchicha ulioupanda chini ya ukuta? Nikamwambia nimeung'oa wote nimetupa, udongo wa pale umeshaingia vumbi. Hapo ndo alisikitika kweli.