Nilivyochonga kitako cha mninga kwa bunduki ya Birmingham

"Weka mpingo, ndio mti." Karibu kila aliyepita karakanani nikiwa na kazi hii alinipa ushauri huo, na ulinikera kweli. Mpingo nauheshimu, lakini ukiutupa majini unazama. Bunduki ya mitutu miwili, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), iliyoundwa kwa kuwindia ndege, yote ina kilo tatu hivi. Ukiivalisha kitako cha mpingo, uzito wote unahamia nyuma, mitutu inanyanyuka, na mwindaji hapati hata kanga.

Kitako cha awali cha walnati kilikuwa kimepasuka shingoni, pale pembamba panaposhikwa na mkono. Kuna fundi alishakipiga skrubu na gundi kabla hakijatufikia. Bure tu, maana mti unapokutana na chuma ulikuwa mweusi na laini kwa mafuta ya miaka mingi, na gundi haishiki mti uliolowa mafuta. Nikamwambia mwenye mali, "Mzee, hapa tunachonga kipya." Akakubali. Karatasi za polisi na za karakana yetu zilikuwa sawa, kwa hiyo nikaanza.

Nilichagua mninga mkavu, kwa sababu ukishakauka hausinyai ovyo wala haujipindi. Angalia nyuzi zake: lazima zipite shingoni kwa urefu, zikikatiza patavunjika hapohapo. Na vaa barakoa, vumbi la mninga linabana kifua.

Umbo la nje seremala mzuri wa vitanda atalitoa. Kazi iko ndani, kwenye kukalisha chuma. Nilishauriwa nichimbe kwa kukisia kisha nijaze gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Nilikataa katakata. Nilichukua kibatari, nikaupitisha mtambo, yaani kile chuma cha bunduki kinachoingia kwenye kitako, juu ya ulimi wa moto mpaka ukavaa masizi mepesi. Ukiuingiza kwenye mti na kuugonga kidogo kwa nyundo ya mbao, kisha ukautoa, panapogusa panabaki doa jeusi. Unakwangua hapo tu, kipande chembamba kinachopitisha mwanga, halafu unapaka masizi tena. Mwanzoni doa linatokea pembeni tu. Ukivumilia madoa yanaongezeka, mpaka siku moja unautoa mtambo na kukuta vidoa vimetapakaa sawasawa pote. Siku hiyo niliwaita wenzangu wote waje kuona! Bunduki ikilia, chuma kinausukuma mti kwa nguvu. Kikigusa upande mmoja tu, kinafanya kazi ya kabari, na mti unapasuka upya.

Vanishi sikutumia. Inakaa juu juu na kubabuka. Nilisugua mafuta ya kitani kwa kiganja, matone machache, nikaacha yakauke kabisa kabla ya kurudia. Rangi ya mninga ilitoka, kahawia yenye michirizi myekundu. Michoro ya shingoni, ile ya kuzuia mkono usiteleze, ilinichosha macho kuliko yote.

Wakati kitako kinakauka, fundi mkuu alikagua mitutu. Chini yake kuna alama za nyumba ya majaribio ya Birmingham, mahali bunduki zinapopimwa usalama wake, iliyoanzishwa 1813: taji juu ya herufi NP, yaani ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Chemba, pale risasi inapokaa, ina urefu wa milimita 65, wakati risasi nyingi za siku hizi ni za milimita 70. Risasi ndefu itaingia bila shida, na hapo ndipo penye hatari: ganda likifunguka halina nafasi, shinikizo linapanda mno. Muuzaji akikuambia "zote ni geji 12, chukua tu", mwache na mali yake.

Mzee alilipa laki kadhaa bila kubishana. Nimemsisitiza aiweke kwenye kabati lake la chuma midomo ya mitutu ikiangalia chini, mafuta yachuruzikie huko badala ya kunywewa na mninga, na risasi zikae kwenye sanduku lingine lenye kufuli.