Pedeli imezama foleni ya feri

Juzi niko foleni ya Likoni, kukanyaga breki pedeli ikazama polepole mpaka chini, wallahi nilivuta hendibreki kwa mikono miwili. Fundi akaja, akatandika maboksi chini ya magurudumu akaniambia kanyaga, haya, nyuma kushoto kukaanza kudondoka oili ya breki. Kufungua dramu ya breki, mpira wa silinda, ile ndogo inayosukuma laini, umepasuka na laini zenyewe, zile zinazosugua dramu gari isimame, zimelowa chapachapa. Yeye ataka kubadilisha mpira tu, mimi nikakataa, silinda ina kutu ndani hiyo si itavuja tena? Tukaweka mpya, laini mpya nyuma kote kuwili, tukatoa hewa kwenye mipira ya breki. Oili ya breki nikanunua aina ya DOT 3 chupa mpya, ile ya zamani ilokaa wazi ishanyonya unyevu wa pwani hii. Na oili hiyo usiimwage kwenye bodi ya gari, yababua rangi.